Matairi ya Trekta Yaliyojazwa Povu, na Karakana ya Nyakato Iliyoyatoa

Karakana ninayoizungumzia haina bango. Ipo Nyakato, jijini Mwanza, ndani kidogo ya barabara iendayo Kisesa na Musoma, katikati ya maghala, na wateja wake wengi ni wenye malori ya mchanga pamoja na wenye matrekta kutoka Magu, Misungwi na ng'ambo ya Busisi kama mimi. Niliwapelekea kazi ambayo karakana mbili zilikuwa zimeikataa na ya tatu ilitaka kuifanya kwa moto, yaani kuyatoa kwenye ringi matairi mawili ya mbele ya trekta la mtumba, matairi ambayo ndani yake hapakuwa na tyubu wala upepo bali povu lililoganda. Kazi hiyo waliifanya vizuri, waliichelewesha, na walinifundisha mambo ambayo kama ningeyajua siku ya kununua, trekta hilo ningelilipia bei nyingine.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 290, na sina ugomvi nalo. Injini yake ya silinda nne haina moshi wa kutisha, na vipuri vyake havisumbui kupatikana mjini. Kwa maelezo ya muuzaji, ambaye sitamtaja, kabla ya kuletwa Tanzania lilikuwa likifanya kazi katika yadi ya vyuma chakavu huko Uingereza, na maelezo hayo nayaamini kwa sababu ya kile nilichokuja kukikuta baadaye ndani ya matairi. Nililiona Septemba mwaka jana nikiwa na mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye dereva wangu. Muuzaji alilipiga teke tairi la mbele la kushoto, mguu ukarudi, akasema, «Mzee wangu, hili hata ulipitishe juu ya misumari halikupi pancha. Limejazwa povu.»

Anayelima upande wetu wa Sengerema hahitaji kuelezwa kwa nini maneno hayo yaliniingia. Mashamba yetu ya mpunga na pamba yamezungukwa na migunga, na ukifyeka leo, miiba iliyokauka hubaki ardhini msimu mzima ikisubiri tairi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nikikodi trekta, na siku moja ya Novemba, mvua ikiwa imekwishanyesha na udongo ukiwa katika hali ambayo mkulima huiomba, tulipoteza saa tano tukimsubiri fundi pancha aje na pikipiki. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna tairi lisilotoboka sikuuliza swali la pili. Niliongeza fedha juu ya bei niliyokuwa nimepanga, na nikachukua pia tela dogo la magurudumu mawili ambalo nalo lilikuwa limejazwa vivyo hivyo.

Neno povu lenyewe linapotosha. Mimi nilidhani ni kitu kama sponji ya godoro, chepesi na cha kubonyea, na kwa kweli undugu upo, kwa kuwa vyote viwili ni poliyurethani. Tofauti ni kwamba godoro huumuliwa kwa gesi mpaka likawa na vitundu vingi, ilhali kinachopigwa ndani ya tairi hakina vitundu. Ni vimiminika viwili, isosayaneti na polioli, vinavyochanganywa na kusukumwa kwa pampu kupitia valvu huku upepo ukitolewa kwa tundu dogo lililotobolewa juu ya tairi. Tairi likijaa, tundu huzibwa, na pampu huendelea kusukuma mpaka ufikiwe msukumo ambao tairi lingepewa kama lingekuwa la upepo. Baada ya hapo huachwa kwa siku moja au zaidi, mchanganyiko ukaganda na kuwa mpira mzito unaojaza kila pembe. Kuanzia saa hiyo, tairi halina tena cha kuongezwa wala cha kupunguzwa, na povu hilo, tofauti na plastiki ya ndoo, haliyeyushwi likatumika upya.

Sisemi kwamba ni bidhaa mbaya. Yadi ya vyuma chakavu, jalala, machimbo ya mawe, mgodi wa chini ya ardhi, hapo ndipo mahali pake, kwa kuwa mtambo hutembea mwendo mdogo, kwa umbali mfupi, juu ya vitu vyenye ncha siku nzima, na kusimama kwa pancha moja hugharimu kuliko tairi. Uzito wake nao una faida fulani shambani, na ni haki niuseme. Ukifunga jembe la diski tatu nyuma ya trekta, pua hutaka kuinuka, na uzito wa mbele huishikilia chini. Wapo wanaofunga vyuma vya uzito mbele kwa ajili hiyo hiyo.

Taabu ilianza siku ile ile ya kulichukua. Tulilitoa Mwanza asubuhi kwa kuliendesha, kupitia Usagara hadi Kigongo, kisha tukavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, takriban kilomita tatu juu ya maji ambayo zamani trekta lingeyavuka kwa kivuko baada ya kusubiri zamu. Mimi nilikuwa nyuma kwenye gari. Upande wa Busisi dereva alisimama, akashuka, akaweka kiganja juu ya tairi la kushoto na kukiondoa haraka kama aliyegusa sufuria. «Baba mdogo, njoo ushike mwenyewe,» aliniambia. Nilishika ubavu wa tairi, mahali ambapo panapaswa kuwa na uvuguvugu tu baada ya mwendo wa kilomita 25 kwa saa, na sikuweza kuhesabu hadi tatu. Harufu yake ilikuwa ya mpira ulioachwa karibu na jiko.

Sababu yake nilielezwa baadaye na fundi, na ni rahisi. Kila tairi linapozunguka hubonyea linapogusa ardhi na kurudi linapoinuka, na kubonyea huko huzaa joto. Katika tairi la upepo kinachobonyea ni ngozi ya tairi peke yake, na joto hupata pa kutokea. Katika tairi lililojazwa, bonge zima hubonyea, joto huzaliwa hadi katikati yake, na povu halipitishi joto upesi, kwa hiyo linalozaliwa hubaki humo likijilimbikiza. Ndiyo maana matairi haya hukusudiwa mitambo ya mwendo wa polepole, jambo ambalo muuzaji hakulitaja, nami sikuuliza. Tulipumzika chini ya mti karibu saa nzima, kisha tukaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka hadi Sengerema, tukaingia usiku.

Msimu wa kulima ukaonyesha mengine. Kwenye mbuga, ule udongo wetu mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, tairi la upepo hupokea sehemu ya kishindo kabla hakijafika kwenye chuma. Tairi la povu hukipitisha karibu chote. Katika wiki ya tatu beringi ya gurudumu la kulia ilianza kulia. Tukabadilisha. Kabla ya Desemba kuisha usukani ulikuwa na mchezo wa upana wa kiganja, na fundi wa kijijini alipofungua alikuta bushi za kingi pini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zimelika upande mmoja. Siwezi kuyatupia matairi lawama yote, kwa kuwa ni trekta la mtumba na sijui bushi hizo zilikuwa na umri gani, lakini uzito unaoning'inia kwenye ekseli ya mbele, unaoruka na kugonga kila penye tuta, hakika haukuzisaidia. Dereva naye alikuwa akishuka jioni akijishika kiuno.

Kilichonilazimisha kutafuta karakana kilikuwa ufa. Ulitokea ubavuni mwa tairi la kushoto mwezi wa Januari, ukarefuka kidogo kila siku, na ndani yake ukaonekana mpira wa rangi ya udongo wa kahawia unaomeguka vipande. Hapo ndipo ukweli wa pili kuhusu bidhaa hii ulinifikia. Tairi la upepo likichakaa unatupa tairi na kubaki na tyubu na ringi. Hili likichakaa, unatupa tairi pamoja na ujazo wake wote, ambao mara nyingi uligharimu kuliko tairi dogo lenyewe, na ringi hukai nayo mpaka umlipe mtu wa kuikomboa.

Karakana ya kwanza niliyokwenda, kijana alichukua mitaimbo yake miwili kama kawaida, akajaribu kuingiza ncha kati ya ringi na mdomo wa tairi, akasukuma, akasukuma tena, akaniuliza, «Mzee, humu mna nini?» Nilipomwambia, aliirudisha mitaimbo ukutani. Ya pili walikataa kwa simu. Ya tatu, huko Mabatini, walisema ni kazi ya nusu saa, watalipiga moto mpaka povu liungue na ringi ibaki. Nashukuru kwamba nilisita. Poliyurethani ikiungua hutoa monoksidi ya kaboni, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, pamoja na sianidi ya hidrojeni, na fundi angekuwa ameinama juu ya moshi huo. Zaidi ya hayo, kupasha moto ringi yenye tairi juu yake ni hatari hata kama ndani hamna upepo, kwa kuwa mpira na povu vikianza kuoza kwa joto hutoa gesi, na gesi hiyo imefungiwa.

Nyakato nilifika kwa kuelekezwa na dereva wa lori. Fundi mkuu ni mtu mzima, alinisalimu «Mwangaluka», nikaitika, na kabla ya kuzungumzia bei alizunguka trekta lote akigonga matairi kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Ya mbele yalitoa sauti fupi, butu, kama gogo bichi. Ya nyuma, yenye ukubwa wa 18.4-30, ambayo nilikuwa nimeyahofia nayo kwa sababu ya uzito wake, yalitoa sauti tofauti upande wa juu na upande wa chini. Alimwomba dereva asogeze trekta mpaka valvu ikawa juu, akaifungua, ukatoka upepo. Akasogeza tena mpaka valvu ikawa chini, akaifungua kwa kuibonyeza tu, likamrukia tone la maji usoni. Alicheka. «Haya ya nyuma ni maji, mzee wangu, usiyaguse, yanakusaidia kulima. Haya ya mbele ndiyo mawe ya Mwanza.» Watu wa nchi za baridi huchanganya maji hayo na chumvi ya kalsiamu ili yasigande, na chumvi hiyo hula ringi, kwa hiyo fundi alichovya kidole akaonja na kusema haya ni maji matupu. Mimi nisingeonja.

Kisha wakaanza kazi, nami nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama kwa sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo ninachoeleza nimekiona. Gurudumu lilifunguliwa na kulazwa juu ya matairi chakavu mawili. Vijana wawili walichora mstari wa chaki kuzunguka ubavu, vidole vitatu kutoka kwenye ringi, wakaukata kwa kisu kirefu cha buchani ambacho kila baada ya muda walikichovya kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Maji hayo ndiyo siri ya kazi. Kisu kikavu hukamatwa na mpira kama kilichogandishwa na gundi, lakini chenye sabuni huteleza. Niliomba kujaribu na nikakata urefu wa kidole kimoja kabla mkono haujachoka. Walipomaliza ubavu mmoja waligeuza, wakakata wa pili, kisha wakaikata sehemu ya juu yenye kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga ardhi, katika mapande manne kwa msumeno wa umeme unaokwenda na kurudi, polepole, mmoja akishika msumeno na mwingine akimwagia maji, mpaka pande la kwanza liliponyofolewa kwa mtaimbo na kuanguka sakafuni bila kudunda, kama kipande cha nyama.

Grainda hawakuigusa mpaka mwisho kabisa, na hili ndilo jambo lililonifanya niwaamini. Fundi alieleza kwamba grainda ikiingia kwenye povu hulichoma badala ya kulikata, na moshi wake ni ule ule wa moto. Waliitumia tu kukata pete mbili za waya wa chuma zilizobaki zimeing'ang'ania ringi, baada ya kukwangua povu lililokuwa karibu, ndoo ya mchanga ikiwa pembeni na gunia lililoloa likifunika mabaki. Hata hivyo gurudumu la pili lilikatwa na kijana mwingine, mwenye haraka, na akaiachia ringi alama mbili za grainda zenye kina cha kucha. Fundi mkuu aliziona kabla yangu. Alimfokea kwa Kisukuma, akazisugua mwenyewe kwa tupa mpaka zikalainika, lakini alama ni alama, na mahali pa kukaa mdomo wa tairi si mahali pa kuachwa na kovu.

Ringi ndiyo sehemu ambayo mnunuzi hawezi kuikagua, kwa kuwa imefichwa na kile kile anachokinunua. Ya kulia ilikuwa nzima isipokuwa kutu ya juujuu. Ya kushoto, chini ya povu, palikuwa na ukanda wa kutu uliokwisha kuwa magamba, na karibu na tundu la valvu ufa wa urefu wa nusu kidole. Nilipouliza kama inaweza kuchomelewa, fundi alinijibu kwamba kuchomelea anaweza, ila hatalifunga tairi juu yake kwa jina lake. Nilinunua ringi ya mtumba ya inchi 16 kutoka kwa mvunja matrekta, shilingi 110,000, baada ya kuhakikisha matundu ya nati yanalingana.

Kwa udadisi nililipima gurudumu la pili kabla halijakatwa, kwenye mzani wa mnunuzi wa mpunga aliye jirani na karakana. Lilikuwa kilo 79. Baada ya kufungwa tairi jipya la 7.50-16 pamoja na tyubu, gurudumu lile lile lilisoma kilo 33. Tofauti ya kilo 46 kila upande, karibu gunia zima la saruji, ndiyo iliyokuwa ikirukaruka juu ya beringi zangu tangu Septemba.

Malipo ya kukata yalikuwa shilingi 80,000 kwa kila gurudumu, na sikuona kuwa ni ghali nilipowatazama wale vijana jioni wakijinyoosha vidole. Kufunga matairi mapya hawakunitoza. Malalamiko yangu ni mawili zaidi ya lile la grainda. Waliniahidi siku mbili, ikawa tano, kwa sababu msumeno wao uliharibika na wakasubiri kuazima mwingine, na siku hizo zote nililipa chumba cha kulala mjini bila kuambiwa asubuhi kwamba leo hakuna kazi. Pili, ringi ya kulia ilipakwa rangi ya kuzuia kutu jioni na kufungwa tairi asubuhi ikiwa bado inanata. Dereva alipofungua kuziba pancha mwezi uliofuata, tyubu ilitoka na rangi. Nilipowapigia, fundi mkuu hakubisha. Alisema niilete aipake upya bila malipo, na sijapata nafasi ya kuipeleka.

Kwa anayekwenda kununua trekta, tela au mtambo wowote wa mtumba, kuyatambua matairi haya si kazi kubwa ukijua cha kutazama. Fungua kifuniko cha valvu uingize sindano au kijiti chembamba. Kikigonga kitu kigumu kinachorudisha kidogo, humo mna povu. Mara nyingi sindano ya ndani ya valvu haipo kabisa. Tafuta juu ya kashata au ubavuni skrubu au kizibo kidogo, palipotolewa upepo wakati wa kujaza. Gonga, na kama una jeki, inua gurudumu ujaribu kulizungusha na kulisimamisha kwa mkono. Zito hukataa kusimama. Ukiona tairi limejaa misumari na mikato mirefu na bado limesimama wima bila kubonyea, usilishangilie kabla ya kuuliza limesimama kwa nguvu ya nini. Na ukishajua, hesabu trekta hilo kana kwamba limekuja bila matairi ya mbele na pengine bila ringi, uweke juu yake gharama ya kukata, kisha urudi kwa muuzaji na hesabu hiyo mkononi. Mimi nilifanya kinyume, nikalipia zaidi kile ambacho kilipaswa kupunguza bei.

Vipande vya povu karakana iliniuliza kama navitaka. Nilichukua mfuko mmoja nikidhani vijana wa mwaloni watavifurahia kuwa maboya ya nyavu. Mmoja wao alichonga kimoja vizuri, akakitoboa, akakitupa majini pale pale Busisi, nasi tukakitazama kikining'inia chini kidogo ya uso wa maji, hakielei wala hakizami kwa haraka, mpaka kikapotea polepole. Alinitazama bila kusema kitu. Vilivyobaki navitumia chini ya jeki, ambapo vinafaa sana, kwa kuwa havitelezi wala havipasuki.

Tela sikuligusa. Linatoka shambani kwenda uwanja wa kupuria mpunga, mwendo wa mita mia chache, kwa hatua ya ng'ombe, juu ya miiba mitupu, nalo hubeba magunia kwa msimu mmoja wa mavuno na kulala muda uliobaki. Kwa kazi hiyo povu ni zuri kuliko chochote nilichowahi kutumia, na siku likipasuka nitaliacha lipasuke mpaka liishe. Kwa trekta nimechagua matairi ya mbele yenye nyuzi nyingi zaidi na tyubu nene, na ndani ya kila tyubu nikamwagia gundi ya maji ya kuziba matundu madogo, ambayo humudu mwiba wa kawaida ila msumari mkubwa huishinda. Tangu yafungwe nimepata pancha tatu, mbili za miiba na moja ya msumari, na kila moja ilizibwa papo hapo shambani kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu sasa dereva anatembea na viraka, gundi na pampu ndani ya kisanduku cha vifaa chini ya kiti.